Mashine ya kufulia isiyotoa maji: Chunguza haya kabla ya kununua pampu mpya

Na Mwandishi Wetu

MUDA wa programu umekwisha, lakini nyuma ya kioo cha mlango maji machafu yamesimama hadi karibu nusu ya pipa. Mlango haufunguki, taa zinawaka na kuzimika, na ndani yake zimo sare za shule zinazohitajika kesho asubuhi.

Hali hiyo si ngeni tena katika miji yetu. Mashine za kufulia nguo, ambazo zamani zilionekana zaidi katika hoteli, hospitali na nyumba chache za wenye uwezo, sasa zimeingia hata katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa. Kilichochelewa kuingia pamoja nazo ni maarifa ya kuzitunza, kwa kuwa kitabu cha maelekezo mara nyingi huwa katika lugha za kigeni, na si ajabu kikatupwa pamoja na boksi siku ileile mashine inapofika.

Matokeo yake ni kwamba mashine inapogoma kutoa maji, mwenye nyumba humwita fundi, fundi hutamka kwamba pampu imekufa, na pampu mpya hununuliwa. Wakati mwingine ni kweli imekufa. Lakini mara nyingi kilichozuia maji ni sarafu, soksi ya mtoto, kibanio cha nywele au mpira uliokunjika nyuma ya mashine, mambo ambayo mtu makini anaweza kuyaondoa mwenyewe kwa nusu saa na beseni moja.

Anayeumia zaidi mashine inaposimama anajulikana. Mwaka 2010, daktari na mtakwimu wa Sweden, Hans Rosling, alitoa mhadhara uliopata umaarufu mkubwa duniani kuhusu mashine ya kufulia. Alisimulia jinsi bibi yake alivyoketi mbele ya mashine ya kwanza ya familia yao, akaitazama ikifua tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetazama mchezo wa kuigiza. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine ile ilimrudishia mama yake saa nyingi alizokuwa akizipoteza kwenye ndoo na sabuni. Kwetu, saa hizo mashine inapoharibika hurudi mikononi mwa mama au dada wa kazi.

Kabla ya kugusa chochote

Maji na umeme havipatani, na hapa vyote viwili vimo ndani ya sanduku moja la chuma. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzima swichi ukutani na kuchomoa plagi kabisa. Kuzima kitufe cha mashine peke yake hakutoshi, kwa sababu sehemu kadhaa za ndani huendelea kuwa na umeme maadamu plagi imo ndani ya soketi.

Tahadhari hii ina uzito zaidi katika nyumba ambazo mashine imeunganishwa kwa waya wa nyongeza uliolazwa sakafuni. Maji yatakayomwagika wakati wa kufungua chujio yatakimbilia hukohuko. Nyanyua waya huo, uweke mbali, na usiguse plagi kwa mikono yenye maji au ukiwa umesimama peku kwenye sakafu iliyolowa.

Jambo la pili ni joto. Iwapo ulichagua kufua kwa nyuzi 60 au 90, maji yaliyobaki ndani yanaweza kumuunguza mtu vibaya mkononi na miguuni. Subiri yapoe. Gusa kioo cha mlango. Kikiwa bado kina moto, maji nayo bado yana moto. Na watoto wadogo wasiwepo karibu wakati wa shughuli hii.

Jambo la tatu ni onyo kwa wale wenye mazoea ya kumimina dawa za kuzibua sinki. Usithubutu kuzimimina ndani ya mashine. Dawa hizo huwa na kemikali kali zinazokula mipira na gasketi, wala haziwezi kuyeyusha sarafu. Baya zaidi, maji hayo yenye dawa yatabaki ndani yakimsubiri atakayefungua chujio, naye ataunguzwa ngozi na macho bila kujua kilichomo.

Je, kweli haitoi maji?

Swali hili linaweza kuonekana la kijinga, lakini watu wengi hulalamika kwamba mashine haitoi maji ilhali tatizo ni jingine. Tazama ndani ya pipa. Kama hakuna maji yaliyosimama, ila nguo zimelowa chapachapa, basi maji yametoka na kilichoshindikana ni kukamua.

Mashine nyingi hukataa kukamua pale mzigo unapokuwa umeegemea upande mmoja. Blanketi moja zito, au shuka iliyozimeza nguo nyingine zote ndani yake kama furushi, inatosha kuifanya mashine ijaribu mara mbili tatu na kisha kusalimu amri. Dawa yake ni kufungua, kuzipanga nguo upya na kurudia kukamua.

Lipo pia suala la programu yenyewe. Baadhi ya mashine zina chaguo la kusimama na maji baada ya suuza ya mwisho, ili nguo laini zisikunjike. Mtu akilibonyeza kwa bahati mbaya, mashine itafanya kama ilivyoagizwa, nayo itasubiri maji yakiwa ndani hadi iamriwe kuyatoa.

Na umeme unapokatika katikati ya kazi, mashine hubaki imejaa. Umeme ukirudi, baadhi huendelea pale zilipoachia, nyingine husubiri ubonyeze kitufe cha kuanza. Kabla ya kuilaumu mashine, chagua programu ya kutoa maji na kukamua, kisha uiache ifanye kazi kwa dakika chache.

Mashine nyingi zenye kioo cha maandishi hutoa alama pale zinaposhindwa kutoa maji. LG huandika OE. Samsung huandika 5E au 5C. Bosch nyingi huandika E18, na Electrolux huandika E20. Alama hizo zinasema tu kwamba maji hayakutoka kwa muda uliotarajiwa. Hazisemi kwamba pampu imekufa. Fundi anayeitazama alama na kutaja bei ya pampu papo hapo hajaifanyia mashine uchunguzi wowote.

Mashine yako ni ya aina gani?

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mitaani unapopotoka, kwa kuwa kuna aina mbili kubwa za kutoa maji na masharti yake yanapingana.

Aina ya kwanza hutumia pampu ya umeme. Karibu mashine zote za mlango wa mbele ziko hivyo, na baadhi ya zile zinazofunguliwa juu. Pampu huwa chini kabisa ya mashine, nayo huyasukuma maji yapande juu kwenye mpira kabla ya kwenda kumwagika. Mpira wake kwa kawaida huinuka nyuma ya mashine na huwa na kishikio chenye umbo la ndoano kwenye ncha.

Aina ya pili haina pampu. Maji hushuka yenyewe kwa uzito wake pale vali iliyo chini ya pipa inapofunguliwa. Mashine nyingi za bei nafuu zinazofunguliwa juu, zikiwamo zile zenye mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, ziko katika kundi hili. Mpira wake hutokea chini karibu na sakafu na hulala.

Kwa mashine yenye pampu, ncha ya mpira inatakiwa iwe juu, kwa kawaida kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Kwa mashine isiyo na pampu, mpira unatakiwa ulale chini. Ukiunyanyua ukauweka kwenye sinki, maji hayatatoka hata ukisubiri hadi kesho. Jirani akikushauri unyanyue au ushushe mpira, muulize kwanza mashine yake ni ya aina gani.

Sikiliza mlio

Kwa mashine yenye pampu, sikio ni kipimo kizuri kuliko vingi. Rudisha plagi, chagua kutoa maji, kisha sogeza sikio upande wa chini wa mashine.

Ukisikia mngurumo wa kawaida lakini maji hayatoki au yanatoka kwa kudondoka, pampu inazunguka na tatizo huenda liko kwenye mpira, au ndani kabla ya pampu. Ukisikia mvumo mzito kama wa nyuki, usio na mzunguko, pampu inapata umeme lakini kuna kitu kimeikwamisha. Ukisikia kitu kikigongagonga kama kokoto ndani ya kopo, kipo kitu kigumu kwenye mapanga yake. Ukisikia kimya kabisa, ama umeme haufiki kwenye pampu, ama koili ya pampu imekatika, ama mashine yenyewe haijaamuru maji yatoke.

Mvumo wa nyuki una sababu nyingine ambayo wakazi wa maeneo yenye umeme hafifu wanaifahamu. Nguvu ya umeme inaposhuka sana, hasa saa za jioni ambapo kila nyumba inapika na kuwasha feni, pampu ndogo hushindwa kuanza kuzunguka. Taa zikiwa zimefifia, usihukumu pampu. Jaribu tena usiku wa manane au alfajiri.

Kutoa maji kwa mkono

Chomoa plagi tena. Ndani ya mashine ya kawaida ya nyumbani mnaweza kuwa na lita 10 hadi 20 za maji, kwa hiyo andaa beseni fupi, ndoo na matambara ya kutosha.

Njia rahisi, ambayo pia ni kipimo, ni kuuchomoa mpira wa kutolea maji pale uliponing'inizwa na kuushusha hadi kwenye beseni lililo sakafuni. Kwa mashine nyingi maji yataanza kutiririka yenyewe. Yakitiririka kwa nguvu, umejifunza jambo kubwa: njia yote kutoka kwenye pipa hadi kwenye ncha ya mpira iko wazi, na mtuhumiwa sasa ni pampu, umeme wake, au mahali ulipokuwa umeunganisha mpira huo. Yasipotoka, au yakitoka kwa kuchuruzika, kuna kizuizi njiani.

Hatua inayofuata ni chujio la pampu. Kwenye mashine za mlango wa mbele, tazama chini upande wa mbele, mara nyingi kulia. Utaona kijimlango kidogo cha plastiki ambacho baadhi ya wenye mashine hawajawahi kukifungua tangu waliponunua. Ndani yake kuna kizibo kikubwa cha kuzungusha, na katika mashine nyingi pembeni yake umo mpira mwembamba wenye kizibo kidogo. Mpira huo ni wa kutolea maji ya dharura. Uvute nje, uelekeze kwenye beseni, toa kizibo, na uvumilie.

Kama mashine haina mpira huo, legeza kizibo kikubwa kidogokidogo kwa kukizungusha kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Maji yakianza kutoka yaache yajaze beseni, kaza, mwaga, kisha legeza tena. Anayekichomoa chote kwa mara moja atadeki nyumba nzima, na wanaoishi ghorofani watapata ugeni wa jirani wa chini.

Chujio lililokaa muda mrefu bila kufunguliwa hugoma. Usilivamie kwa koleo na nguvu zote, kwa sababu plastiki ikivunjika utakuwa umegeuza tatizo la bure kuwa tatizo la fedha. Safisha ukingo wake kwa maji ya uvuguvugu ili sabuni iliyoganda ilainike, kisha jaribu tena taratibu.

Maji yakishaisha, mlango wa mashine kwa kawaida hufunguka wenyewe baada ya dakika moja au mbili umeme ukirudishwa. Usiuvunje kabla ya hapo. Mlango umefungwa makusudi ili maji yasikumwagikie.

Kinachokutwa ndani ya chujio

Mafundi wanaozifungua mashine hizi kila siku hukuta mambo yaleyale: sarafu, vifungo vya mashati, pini, vibanio vya nywele, njiti za meno, waya wa sidiria, nyuzi za vitenge na kanga mpya, na tope la kijivu lililotokana na pamba, nywele na sabuni. Karatasi laini iliyosahaulika mfukoni husagika na kuwa uji, kisha uji huo hukamata vingine vyote.

Osha chujio kwa maji ya bomba na mswaki wa zamani. Halafu ingiza kidole ndani ya tundu ulikolitoa, ukihakikisha kwamba plagi haimo kwenye soketi, na ulipapase gurudumu dogo lenye mapanga lililoko mwisho wa tundu. Hilo ndilo moyo wa pampu. Kama ni mbali, tumia penseli.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi, wakiwamo mafundi wanaojifunza. Gurudumu hilo halizunguki kwa ulaini kama pangaboi la feni. Linaruka hatua kwa hatua, kama lililoshikwa kisha likaachiwa. Mtu hudhani limekwama, kumbe ndiyo hali yake ya kawaida, kwa kuwa ndani yake kuna sumaku yenye nguvu inayovutwa na chuma cha koili. Linalozunguka kwa hatua ni zima. La kutilia shaka ni lile lisilosogea kabisa, au lile linalozunguka kiulaini mno na kuchezacheza kana kwamba halikushikwa na chochote. Hilo huenda limekatika kwenye mhimili wake.

Tazama pia kama uzi au nywele ndefu zimejisokota kwenye mhimili. Nyuzi hizo hazionekani kwa urahisi, lakini ndizo huizuia pampu kuzunguka hata baada ya chujio kusafishwa. Zikate kwa mkasi mdogo na kuzivuta kwa kibano.

Unaporudisha chujio, hakikisha limekaa sawasawa kwenye mifereji yake na limekazwa hadi mwisho. Mimina lita moja au mbili za maji kupitia droo ya sabuni na uangalie kijimlango kile kama kinavuja kabla ya kufua chochote. Hapo ndipo uiagize mashine itoe maji.

Mpira na bomba la nyumba

Iwapo chujio ni safi na pampu inanguruma vizuri, ufuate mpira kwa urefu wake wote. Mashine zetu nyingi zimebanwa kwenye kona ya jiko au bafuni, na inapotikisika wakati wa kukamua husogea polepole hadi ikaukandamiza mpira wake ukutani. Kuisogeza mbele kwa kiganja kimoja kunaweza kumaliza shauri lote.

Kwa kuwa nyumba nyingi hazikujengwa zikiwa na mahali maalumu pa mashine, watu wamebuni njia zao. Wapo wanaoupitisha mpira juu ya dirisha ili maji yakanyweshe migomba uani. Wazo la kutopoteza maji ni zuri, lakini dirisha likiwa na kimo cha mita moja na nusu, pampu ndogo ya mashine haina ubavu wa kuyapandisha hapo. Wapo waliounga mpira wa pili na wa tatu hadi ukafika mita nyingi; kila kipande kinaongeza upinzani, na kila kiungo kinakuwa mtego wa uchafu.

Kosa la upande wa pili ni kuuacha mpira wa mashine yenye pampu ulale sakafuni. Hapo maji hutoka kupita kiasi: yanaingia kwa bomba na kutoka papo hapo yenyewe, mashine haijai, na bili ya maji inapanda huku nguo zikitoka na sabuni. Hali hiyohiyo hutokea pale ncha ya mpira inaposhindiliwa ndani sana ya bomba la maji machafu bila nafasi ya hewa.

Usisahau bomba la nyumba lenyewe. Chukua ndoo ya maji na uimimine kwa haraka pale mpira unapomwaga. Maji yakirudi juu au yakisuasua, aliyeziba si mashine bali karo au shimo la maji machafu, na anayehitajika ni fundi bomba.

Povu

Sababu nyingine inaanzia dukani. Sabuni nyingi za unga zinazouzwa kwenye maduka ya mitaani zimetengenezwa kwa kufulia kwa mikono, na wanunuzi wengi huupima ubora wake kwa wingi wa povu. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele, povu hilo ni balaa. Mapanga ya pampu yameundwa kusukuma maji. Yakikutana na povu yanazunguka bure, sawa na mtu anayepiga makasia hewani.

Dalili yake ni mashine inayonguruma muda mrefu bila kumaliza, huku kioo kikiwa kimejaa weupe. Iache itulie kwa saa moja hivi ili povu lishuke, toa maji, kisha isuuze kwa maji baridi bila kuongeza sabuni, mara mbili ikibidi. Baada ya hapo tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine za kujiendesha zenyewe, na kiasi chake kisizidi kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya kisima yenye chumvi hupunguza povu, na ndiyo maana familia iliyohama kutoka kwenye kisima kwenda kwenye maji ya bomba hushangaa kuona sabuni ileile, kipimo kilekile, sasa inafurika.

Mabaki ya sabuni huziba pia mrija mwembamba unaopanda kutoka kwenye pipa hadi kwenye kifaa kinachoieleza mashine kiasi cha maji kilichomo. Mrija ukiziba, mashine hudanganyika. Inaweza kuamini pipa limejaa wakati ni tupu na kuendelea kupampu bila kikomo, au kuamini ni tupu wakati maji yamo. Mwenye mashine akiona pampu hainyamazi ilhali hakuna hata tone ndani, amtajie fundi mrija huo kwanza.

Mashine zisizo na pampu

Kwa mashine ya mapipa mawili, kitasa cha kutolea maji huvuta mkanda au kamba ndogo, nayo hunyanyua kizibo cha mpira chini ya pipa. Ukizungusha kitasa kikawa chepesi kisicho na uzito wowote, mkanda umekatika au umechomoka. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi na kipuri chake ni rahisi.

Zile za kujiendesha zenyewe hutumia mota ndogo kuvuta vali hiyo. Wakati wa kutoa maji utasikia kijisauti cha kuvuta na kisha maji kuporomoka. Usiposikia chochote, angalia kwanza kama kifuniko cha juu kimefungwa sawasawa, maana mashine nyingi husimama kifuniko kikiwa wazi. Ukisikia kuvuta lakini maji hayatoki, laza mpira chini wote, utoe mikunjo, na uhakikishe ncha yake haikuzama ndani ya ndoo yenye maji. Sarafu iliyonasa kwenye vali huleta tatizo la kinyume: maji hutoka mfululizo na mashine haijai kamwe.

Fundi anapohitajika

Ukishasafisha chujio, ukahakiki mpira, ukajaribu tena na pampu ikawa kimya, umefika mwisho wa kazi yako. Kufungua mfuniko wa nyuma au kuilaza mashine ubavu ni kazi ya mwenye ujuzi na vifaa.

Fundi mwenye kipimo cha umeme anaweza kuipima pampu kwa dakika chache bila kubahatisha. Koili ya pampu ya kawaida inayotumia umeme wa volti 220 hadi 240 huwa na ukinzani wa takriban omu 100 hadi 200. Kipimo kikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, pampu imekufa kweli. Kikionyesha kiasi hicho, pampu inaelekea kuwa nzima na uchunguzi uhamie kwenye nyaya na bodi ya mashine. Baadhi ya mashine za kisasa zina pampu za aina nyingine zisizopimwa hivyo, na fundi mzuri atakueleza.

Zipo pia pampu zinazofanya kazi kwa muda, zikapata joto, zikasimama, kisha zikafufuka baada ya kupoa. Hizo zimechakaa, na kuzisafisha kutazichelewesha tu.

Unapompigia fundi simu, mtajie aina na namba ya mashine iliyoandikwa kwenye kibandiko nyuma au ndani ya mlango, alama iliyotokea kwenye kioo, mlio uliousikia, na kama maji yalitoka ulipoushusha mpira. Akija, mwombe akuonyeshe kipimo kabla ya kukuuzia pampu, na ya zamani akuachie.

Kuhusu chujio, lifungue kila baada ya mwezi mmoja au miwili, na mapema zaidi kama nyumba ina watoto wanaokusanya kokoto mifukoni. Nguo ndogo kama soksi za mtoto na sidiria zinafaa kuwekwa ndani ya mfuko wa wavu kabla ya kuingizwa kwenye mashine. Mfuko wa foronya uliofungwa kwa kamba hufanya kazi hiyohiyo.